Ngao ya Mbele kwenye Barabara ya Namanga

Ukiingia Kitengela kutoka Athi River, karakana za kuchomelea vyuma zinakupokea kabla ya maduka. Kuna mageti ya nyumba, vitanda, minara ya matangi ya maji, na siku hizi kuna vyuma vingi vya kufunga mbele ya magari: bulba, kama mafundi wanavyoziita. Zamani fundi alianza kukata bomba baada ya mteja kuleta gari na malipo ya kwanza. Sasa bulba zinasimama kando ya lami zikiwa zimekwisha kupakwa rangi nyeusi, zikingoja Prado, Hilux au Jimny ya kuzivaa. Wanunuzi wengi ni wakazi wa mitaa mipya ambao wiki nzima gari lao halivuki Nairobi, na Jumamosi wanapenda kushuka hadi Bissil au kupita Kiserian kwenda Magadi. Maswali yao ni yaleyale: chuma au alumini, bomba au bamba, na bei ya mwisho ni ngapi.

Lipo swali jingine ambalo haliulizwi sana. Hiyo ngao itagonga nini?

Mwandishi wa kumbukumbu hizi amekaa na swali hilo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, alipokuwa akisambaza chanjo na dawa za mifugo Kitengela, Isinya, Kajiado mjini, Mashuuru na Namanga. Wimbi hili jipya la bulba limemrudisha kwenye barabara ile, na afadhali aseme msimamo wake mapema: ngao ya mbele ichaguliwe kwa kutazama kile kinachokaa mbele ya gari siku nyingi za mwaka, hata kama safari iliyomtia mtu hamu ya kuinunua ni ya porini.

Wakati ule, kilichokaa mbele ya gari kilikuwa mnyama. Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, ina kilomita za mraba 117 tu, na upande wake wa kusini, ng'ambo ya mto Mbagathi, haukuzungushiwa ua kama pande nyingine. Mvua zikinyesha, nyumbu, pundamilia, pofu na kongoni walitoka na kutawanyika kwenye nyanda za Kitengela. Mwaka 2000 ulianza mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 kwa ekari kila mwaka ili wasijenge ua. Simba nao walitoka. Juni 2012 simba sita waliuawa Kitengela baada ya kuvamia mbuzi, na Machi 2016 dume maarufu aliyeitwa Mohawk alipigwa risasi Isinya. Mtu aliyeendesha gari huko usiku alijua kwamba kitu chochote chenye miguu minne kinaweza kujitokeza kwenye mwanga wa taa.

Ajali ya kwanza iliyomfunza, hata hivyo, haikuwa ya mnyamapori. Alikuwa kwenye Hilux pikapu ya kazini, yenye bulba ya bomba la maji iliyofungwa kwenye vishikizo vya bampa na kwenye bati lililo chini ya grili. Walikuwa kati ya Isinya na Kajiado, saa moja kasoro jioni, wakati ambao jua limezama lakini taa bado hazisaidii. Lori lilikuja upande wa pili, na nyuma yake punda akavuka.

Dereva alishika breki mapema na gari halikuwa na kasi kubwa. Punda wa kule ana uzito wa kilo kama 150, pengine nusu ya ng'ombe wa kawaida wa Kajiado. Lakini bomba lote lilirudi nyuma bila kupinda. Vishikizo vilikunjika, bati likaingia ndani, grili ikavunjika, na rejeta ikasukumwa hadi kwenye feni. Boneti ilipofunguliwa, mapanga ya feni yalikuwa yamechora duara kamili mgongoni mwa rejeta. Ndani ya duara hilo, vile vipezi vyembamba vilikuwa vimelala vyote upande mmoja, na maji ya kijani yalidondoka kwenye changarawe tone kwa tone. Chuma kilichowekwa kulinda rejeta ndicho kilichoitoboa.

Fundi wa Kajiado aliyelipokea gari usiku ule aliinama, akapitisha kidole pale bulba ilipokuwa imeshikiliwa. "Hii ilikuwa imeshikwa na bati, mkubwa," alisema. "Ngao inashikwa na chasisi. Bati linashika rangi."

Kabla ya hapo palikuwa na jambo la punda mwenyewe. Sheria ya Trafiki ya Kenya inamtaka dereva asimame ajali inapotokea na ajitambulishe, na hata bila sheria hiyo hakuna mtu wa huko ambaye angeondoka. Mama mwenye punda alifika na watoto wawili na madumu ya maji yaliyokuwa yamemwagika. Mzee wa boma alikuja baadaye, akasalimia kila mtu kwa zamu kabla ya kugusa habari yoyote ya punda, akaketi. Malipo yalikubaliwa palepale, na kazini walilipa bila kubishana. Lakini mama alieleza jambo ambalo pesa ya siku ile haikulimaliza: kesho asubuhi maji yangebebwa na mgongo wake mpaka punda mwingine apatikane sokoni. Mtu anayetibu mifugo hujua bei ya mnyama. Kando ya barabara mwandishi alijifunza kuhesabu pia kazi ya mnyama huyo, na tangu hapo neno "kulinda gari" halikumtosha tena.

Gari lililofuata lilikuwa Land Cruiser, na mbele yake palikuwa na bamba nene la chuma lililofungwa moja kwa moja kwenye ncha za chasisi kwa bolti za unene wa kidole gumba. Lilikuwa jibu kamili kwa fundi wa Kajiado. Usiku mmoja, baada ya Bissil, lilimgonga fahali aliyeachwa nyuma na kundi lake. Taa hazikupasuka, rejeta haikuguswa, na gari lilirudi Kitengela kwa nguvu zake lenyewe. Kila mtu kazini aliisifu ngao ile.

Sifa zilipungua tairi ya mbele ya kushoto ilipoanza kuliwa upande wa ndani. Gari lilipelekwa kupimwa, likarekebishwa, na tairi ikaanza tena kuliwa. Mwishowe fundi mmoja mtu mzima, mpole wa maneno, aliomba aachiwe gari mpaka mchana. Aliteremsha timazi kutoka kwenye tundu nne za chasisi, akatia alama za chaki sakafuni, kisha akavuta uzi kutoka kona hadi kona na kuukata. Akavuta mwingine kwenye kona nyingine mbili. Alipozishika nyuzi zile pamoja na kuziacha zining'inie, moja ilizidi nyingine kwa upana wa kidole. Chasisi ilikuwa imekwenda upande. Ngao haikukubali kupinda, kwa hiyo pigo lote la fahali lilipita ndani yake na kwenda kupinda kitu kilicho nyuma yake, tena kitu cha ghali zaidi.

Waaustralia walilitambua jambo hili mapema kwa sababu ya kangaruu. Kampuni ya ARB ilianzishwa Melbourne mwaka 1975, na ngao za magari ni sehemu kubwa ya jina lake. Katika ngao nzuri za siku hizi, kipande kinachounganisha bamba na chasisi kimekatwa au kimekunjwa makusudi ili kibonyee kwa kiasi kinachojulikana. Gari likiwa na mifuko ya hewa, kubonyea huko ni jambo la uhai: sensa za mifuko hiyo hupimwa kiwandani zikitegemea jinsi pua ya gari inavyokunjika. Ukiweka mbele chuma kisichokunjika, sensa inaweza kudhani pigo dogo ni kubwa, au kuchelewa pigo kubwa linapokuja. Kwa sababu hiyo ngao ya Prado yenye mifuko ya hewa haifai kunakiliwa kwa macho kutoka kwenye Land Cruiser ya zamani isiyo nayo. Mafundi wa Kitengela wana mikono mizuri sana, na kazi yao ya kuchomelea imebeba nusu ya nyumba za mji ule. Kinachokosekana hapa ni kipimo, na kipimo cha namna hii hakionekani kwa kuitazama bulba ya jirani.

Pengine Wakenya walianza kuzipenda ngao hizi kwa sababu ya Safari Rally. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, na vizazi vimekua vikimwona Joginder Singh akishinda mwaka 1965, 1974 na 1976, na Shekhar Mehta akishinda mara tano. Celica ya Ian Duncan, Mkenya aliyeshinda mwaka 1994, ilivaa ngao mbele kama magari mengi ya wakati wake. Hadi mwaka 2002, Colin McRae aliposhinda na mashindano yakaondoka kwenye ubingwa wa dunia kwa miaka mingi, magari yalipita kwenye vumbi la Kajiado, Oltepesi ikiwemo. Watu walisimama juu ya vichuguu kuyatazama, na mwandishi alikuwa miongoni mwao. Lakini timu kubwa zilikuwa pia na helikopta iliyotangulia juu ya barabara, ikimwonya dereva kuhusu ng'ombe, pundamilia na watu. Ngao ilikuwa kinga ya mwisho baada ya macho ya angani. Aliyeinunua ngao ile kwa ajili ya barabara ya Namanga alinunua sehemu ya pili ya mpango bila ya kwanza.

Ukame wa mwaka 2009 ulilifundisha hilo kwa ukali. Nyasi zilipokwisha nyandani, zilizobaki zilikuwa kando ya lami, kwa sababu maji machache ya mvua hutiririka kutoka barabarani na kuingia kwenye mitaro. Mifugo ya Kajiado yote ilionekana kuhamia huko. Ng'ombe waliokonda hawakimbii honi, wanasimama. Wanyamapori nao walifuata nyasi hizohizo usiku. Katika miezi ile mwandishi aliendesha kilomita 40 kwa saa katika sehemu ambazo mwaka uliotangulia alipita na 80, na bado alifika.

Ndipo lilipotokea la twiga. Pikapu iliyokuwa mbele yao, yenye bulba ndefu iliyopanda hadi juu ya boneti, ilimgonga twiga gizani. Dume la twiga linaweza kuzidi kilo 1,000, na karibu uzito huo wote uko juu ya boneti. Ngao ilishika miguu. Mwili ukaja juu, ukaangukia kioo na paa. Dereva alitolewa akiwa hai, shingo yake imeumia, na kila aliyesimama pale aliona kwamba bulba haikuwa na hata mkwaruzo wa kuzungumzia. Mnyama mrefu hana ngao yake. Kilichomwokoa yule dereva ni kwamba alikuwa amekwisha kupunguza mwendo. Nguvu ya pigo hukua kwa mraba wa kasi, hivi kwamba gari la kilomita 80 kwa saa hubeba zaidi ya mara mbili na nusu ya nguvu ya gari lilelile likienda 50. Hakuna bomba linaloweza kurudisha tofauti hiyo.

Tangu siku ile mwandishi amekuwa mkali kuhusu taa kuliko kuhusu chuma. Bulba nyingi za kuchomelea hupitisha bomba mbele ya taa, na bomba hilo huacha kivuli barabarani, pengine kulekule punda anakotokea. Ngao nzito nayo hushusha pua ya gari na kuinamisha mwanga. Mtu amelipa ili amwone mnyama kwa kuchelewa.

Kuhusu matope hakuna mengi ya kusema. Udongo mweusi wa Kitengela na Kaputiei hunata mvua za Aprili zinapokolea, na gari likizama humo watu hufunga kamba kwenye chochote kinachoonekana kigumu. Nje ya Isinya, trekta lilivuta kamba iliyofungwa kwenye bulba. Bulba ikatoka na bolti zake, ikaruka hewani na kutua mahali ambapo muda mfupi uliopita alikuwa amesimama kijana mchunga kondoo. Kamba ifungwe kwenye ndoano iliyoshikwa na chasisi. Anayetaka winchi ahakikishe bamba lililoibeba limejengwa kwa kazi hiyo. Basi.

Kisha mji ukaja. Barabara ya Athi River hadi Namanga ilijengwa upya, magari yakaongeza mwendo, viwanda vya Athi River vikavuta wafanyakazi, na viwanja vikauzwa mpaka Isinya. Kitengela, ambayo mwanzoni mwandishi aliipita kwa dakika chache, ilihesabiwa kuwa na zaidi ya watu 150,000 katika sensa ya mwaka 2019. Pundamilia walipungua barabarani. Waliochukua nafasi yao ni wanafunzi, akina mama wenye mizigo ya sokoni, vibarua wanaotembea alfajiri, na bodaboda.

Mwandishi alishuhudia ajali moja ya wakati huo karibu na stendi, na ameisimulia mara chache kwa sababu inamwuma. Gari kubwa lenye bulba ya mabomba lilikuwa likijiunga na barabara, mwendo wa mtu anayekimbia. Mvulana wa sare za shule alikuwa amegeuka kumwita mwenzake. Bomba la juu lilimpata kifuani. Bomba lilelile lingempata mtu mzima kwenye paja. Dereva aliruka nje akiwa analia kabla hajamfikia, watu wakambeba mtoto kwenda hospitali, na alikaa huko muda mrefu. Kwenye ngao hakukuwa na alama yoyote.

Pua ya gari la siku hizi imetengenezwa kwa plastiki na sponji, na chini ya boneti huachwa nafasi, ili mwili wa mtu ukutane na kitu kinachokubali kusukumwa. Bomba la chuma huiondoa huruma hiyo yote na kulikusanya pigo kwenye mstari mwembamba, kwa urefu wa kifua cha mtoto. Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo mwaka 2005 la kutaka ngao za mbele zipimwe kwa usalama wa waendao kwa miguu. India, mwishoni mwa mwaka 2017, iliziagiza serikali za majimbo kuziondoa bulba kwenye magari. Australia, ambako kangaruu hawajaisha, iliandika mwaka 2002 kiwango cha ngao kinachomfikiria mtu aliye nje ya gari. Nchini Kenya watu zaidi ya 4,000 hufa barabarani kila mwaka, na waendao kwa miguu ndio kundi kubwa zaidi. Mwandishi haoni namna ya kuzungumza juu ya bulba Kitengela bila kuanza na hesabu hiyo.

Je, hakuna anayeihitaji? Wapo. Daktari wa mifugo anayelala Mashuuru, askari wa wanyamapori, mfanyabiashara wa ng'ombe anayerudi kutoka Namanga usiku: hao rejeta ikipasuka wanaweza kukaa porini mpaka asubuhi, na mgonjwa au mnyama anayewangoja asifikiwe. Kwao ushauri wake ni bamba la alumini au la chuma chembamba kilichokunjwa kiwandani kwa gari hilohilo, lenye vishikizo vinavyobonyea, lililofungwa kwenye chasisi, lisilozidi upana wa gari, lisilo na ncha wala mabomba ya kupanda, na lisiloziba taa wala upepo wa rejeta. Springi za mbele zibadilishwe ziendane na uzito mpya.

Mpwa wake alipoileta Jimny nyumbani Kitengela akitaka bulba ya bamba, walizungumza kwa hesabu. "Mjomba, gari ni dogo, ndiyo maana nataka kitu kizito mbele," alisema. Jimny ina kilo kama 1,100. Ngao ya chuma ya kilo 60, na winchi juu yake, ni sawa na kumbeba mtu mzima mnene mbele ya magurudumu, siku zote, hata akienda kununua maziwa. Breki na springi hazikutengenezwa zikimtarajia mtu huyo. Kisha wakaandika njia zake za mwezi mmoja: Kitengela na Nairobi kila siku ya kazi, kanisa, soko, shule ya mtoto, na safari ya Bissil kwa bibi mara moja. Aliitazama orodha kwa muda.

Alibaki na bampa la kiwandani. Fedha aliyokuwa ameiweka ilinunua bamba la kulinda tumbo la injini dhidi ya mawe, ndoano mbili za kuvutia zilizofungwa kwenye chasisi, kamba nzuri ya kuvutia, tairi nne na taa bora. Fundi aliyezifunga, palepale kando ya barabara ya Namanga, alikuwa na bulba tatu mpya mlangoni na hakuficha kwamba angependa kuuza moja. Lakini aliisikiliza habari ya vishikizo vinavyobonyea kwa makini, akamwomba mwandishi amchoree kwenye kipande cha boksi, akauliza unene wa bati na mahali pa kukata, kisha akarudi kupima mwanga wa taa ukutani mpaka ukakaa sawa.